Mwanga wa Losev: jinsi ya kuuwasha kwa punje ya jiwe la terazo, pini na chaja ya laptop

Chukua punje moja ya jiwe la kusugulia sakafu ya terazo, iguse kwa ncha ya pini, pitisha umeme mdogo, kisha zima taa zote chumbani. Ukipata punje nzuri utaona nukta ya mwanga wa kijani, njano au buluu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, imetulia tuli. Hii ndiyo ledi (LED), taa ndogo ya kielektroniki, katika umbo lake la kwanza kabisa. Aliyetambua kwamba mwanga huo si wa moto wala wa cheche alikuwa Oleg Losev, Mrusi aliyezaliwa mjini Tver mwaka 1903 na kufa kwa njaa Leningrad mwezi Januari 1942, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa fizikia na wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam. Kuwasha nukta hiyo ni kazi ya jioni moja. Kuthibitisha kwamba ni mwanga baridi, yaani usiotokana na joto, kunachukua muda zaidi, na tunakuomba usiruke hatua hiyo, kwa sababu aliyeuona mwanga huu kwanza hakuwa Losev. Mwingereza Henry Round aliuona mwaka 1907, akaandika barua fupi kwenye jarida la umeme, mambo yakaishia hapo. Losev aliuona miaka ya 1920 na kuanza kuuhoji kitu kimoja kimoja: je, ni joto? Ni cheche? Una kasi gani? Unategemea upande gani wa umeme? Maswali hayo ndiyo yaliyomfanya mwanafizikia, ingawa aliingia Maabara ya Redio ya Nizhny Novgorod akiwa kijana tu, kwa kazi ya tarishi.

Vifaa

Kitu cha kwanza ni silikoni kabaidi, ambayo kwa jina la zamani huitwa karborandamu. Ni mchanga wa kwatzi na makaa ya koka vilivyopikwa pamoja kwenye tanuri la umeme kwa joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Huhitaji kuiagiza nje. Mafundi wa terazo wanaitumia kila siku: yale mawe mazito ya kusugulia, meusi au ya kijani, yanayofungwa chini ya mashine. Yakiisha hutupwa. Nenda pale sakafu inapomwagwa, mwamkie fundi, umwombe kipande kilichokwisha cha jiwe la awamu ya kwanza, lile lenye chenga kubwa. Namba iliyoandikwa juu ya jiwe ni ukubwa wa chenga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo chenga inavyokuwa kubwa. Namba 24 ina punje za takriban milimita 0.7, na 36 ni takriban nusu milimita. Punje ikiwa ndogo kuliko hapo utapata shida kuishika kwa kibano.

Usipompata fundi wa terazo, maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo na Gerezani huuza mawe ya grainda. Hapo kuwa makini. Jiwe la kijani ni silikoni kabaidi. Jeupe, la waridi au la kahawia ni oksidi ya alumini, na hilo halipitishi umeme hata ukilibembeleza usiku kucha. La kijivu pia kwa kawaida ni oksidi ya alumini. Kosa hili ndilo linalowakwamisha watu wengi kabla hata hawajaanza. Msasa mweusi wa maji nao mara nyingi ni silikoni kabaidi, lakini punje zake ni unga kwa kazi hii.

Vingine ni hivi:

- chaja ya laptop ya zamani yenye kichwa cha duara, inayotoa volti 19 (imeandikwa kwenye kibandiko chake). Chaja mpya za kichwa bapa cha USB hazifai, kwani bila kompyuta hutoa volti 5 tu. Badala ya chaja, betri mbili za volti 9 zilizounganishwa kwa mfululizo zinatosha kabisa;
- rezista ya kilo-omu 1, ya nusu wati: mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu;
- mita ya fundi redio, hata ile ya bei ya chini;
- pini kubwa ya kufungia nepi, ya chuma cha pua;
- kizibo cha soda, risasi ya kulehemu, waya mwembamba, ubao wa kiganja kimoja na skrubu 2;
- lenzi ya kukuzia na kibano;
- kipande cha mshumaa.

Kuzipata punje

Funga kipande cha jiwe ndani ya kitambaa kinene, weka juu ya saruji, gonga kwa nyundo. Vaa miwani na barakoa. Vumbi lake si la kuvuta. Kinachoshikilia punje pamoja ni udongo uliochomwa, saruji au gundi, na vyote hivyo havipitishi umeme. Kwa hiyo bonge zima halitakupa kitu hata likionekana zuri. Unahitaji punje moja moja, iliyo uchi. Zisugue kati ya vipande viwili vya bati, zioshe kwa maji na sabuni, zikaushe, kisha zimwage juu ya karatasi nyeupe chini ya taa. Chagua zenye nyuso bapa zinazometa kama kioo. Nyeusi nzuri mara nyingi huonyesha rangi za upinde wa mvua usoni, kama mafuta juu ya dimbwi. Chagua 20, si 2.

Kwa nini nyingi hivyo? Round mwenyewe aliona kwamba kwa volti 10 ni vipande kimoja au viwili tu vilivyowaka vizuri, ila kwa volti 110 vingi viliwaka. Sisi hatuendi kwenye 110. Umeme huo unaua. Badala ya kuongeza volti, ongeza punje. Kuna sababu ya kifizikia pia: kila punje ilikua tanurini ikiwa na uchafu wake. Penye naitrojeni kidogo kuna elektroni za ziada, penye alumini kuna upungufu wa elektroni, na mwanga hutokea pale aina hizi mbili zinapokutana au chini ya ncha ya chuma penye nguvu kubwa ya umeme. Hakuna aliyepanga uchafu huo ndani ya jiwe la terazo. Unautafuta kwa ncha ya pini, kama Losev alivyofanya.

Kuzikalisha kwenye risasi

Toa plastiki iliyo ndani ya kizibo, maana ikipata moto itatoa moshi mbaya. Laza ncha ya waya iliyochunwa ndani yake, kisha yeyusha risasi hadi ifunike sehemu ya chini kwa kina cha milimita 2 hivi. Ikiwa bado laini, zamisha punje kwa kibano hadi nusu ya kimo chake, ukiacha milimita 3 kati ya punje na punje. Kizibo kimoja hubeba 10 bila kubanana. Risasi haigandi kwenye silikoni kabaidi kama inavyoganda kwenye shaba. Inaibana tu, hivyo usizivute zikishakaa. Fungua madirisha, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Sasa kuna hatua inayosahaulika. Risasi ya fundi redio ina utomvu ndani yake, na utomvu huo hupanda na kutandaza utando mwembamba juu ya punje. Hauonekani, lakini unazuia umeme. Futa kila punje kwa pamba yenye spiriti, mara mbili, kisha uache ikauke kabisa kabla ya kuleta umeme karibu.

Kuifunga pini

Fungua pini, nyoosha mkono wake kidogo, na ufunge kichwa chake kwa skrubu kwenye ubao ili ncha ining'inie juu ya kizibo na kukandamiza kwa nguvu ya springi yake. Watengenezaji wa redio za zamani walitumia mguso mwepesi sana wa unywele wa shaba juu ya galena, fuwele ya madini ya risasi. Karborandamu ni tofauti, inataka kukandamizwa. Ukiinua pini kwa kidole na kuiachia, irudi kwa kishindo kidogo na ibaki hapo hata ukitikisa meza.

Ncha iwe kali na ing'ae. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, na ncha ya chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya siku chache, hasa wakati wa masika. Ndiyo maana tumesema chuma cha pua. Hata hivyo, ipitishe kwenye msasa laini kila jioni kabla ya kuanza.

Kuunganisha

Kata kichwa cha chaja ikiwa HAIJACHOMEKWA, chuna nyaya zake mbili na uzitenganishe. Ichomeke, pima kwa mita ujue upi ni chanya, kisha ichomoe tena. Lehemu rezista moja kwa moja kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na mahali ulipochuna, na ukifunike kiungo hicho kwa tepu ya umeme. Mpangilio huu ni muhimu. Chaja ya laptop ina uwezo wa kusukuma ampia 3 na zaidi, na nyaya zikigusana bila rezista zitapata moto. Rezista ikiwa mwanzoni mwa njia, hata pini ikigusa risasi mkondo hauwezi kuzidi miliampia 19. Kutoka kwenye rezista waya uende kwenye pini. Hasi iende kwenye kizibo. Usijaribu hata siku moja kuchukua umeme wa ukutani, volti 230, kwa kazi hii.

Weka mita upande wa volti, vichomeo vyake viwili kwenye ncha mbili za rezista. Kwa kuwa ni kilo-omu 1, kila volti 1 unayosoma ni miliampia 1 inayopita kwenye punje. Masomo yake ni haya: ukipata 0, ncha haijagusa, au kuna utando, au ni oksidi ya alumini. Ukipata 19, pini imegusa risasi pembeni. Ukipata kitu cha kati, tuseme kati ya 3 na 12, punje inapitisha na inafaa kutazamwa.

Giza

Subiri saa moja na nusu usiku, funga mapazia, zima taa, weka simu mfukoni kioo kikiwa chini. Kaa dakika 10 bila kuangalia mwanga wowote. Jicho lako halifunguki kwa giza mara moja, na nukta hii ni hafifu. Watu wengi husema jaribio limeshindikana kumbe walitazama kwa sekunde 30 tu baada ya kuzima taa.

Sogeza ncha ya pini polepole juu ya uso wa punje, sehemu ya kumi ya milimita kwa wakati mmoja, ukitazama kwa lenzi. Punje moja ichukue dakika 2 au 3, kisha nenda nyingine. Usipoona kitu kwenye zote 10, geuza nyaya: chanya iende kwenye kizibo. Losev alibaini aina mbili za mwanga, mmoja ukitokea umeme unapopita upande mmoja na mwingine upande wa pili, na hazifanani sura. Moja hujitokeza kama vinukta vidogo chini ya ncha. Nyingine huenea ndani ya fuwele, hata punje nzima ikaonekana kama imejazwa maziwa yenye mwanga. Ukiiona hii ya pili, usiiguse pini tena. Iache hapo.

Kamera ya simu kwenye hali ya usiku, ikiwa imeegemezwa kwenye kitu kisichotikisika, hunasa nukta ambayo jicho linasita kuiona.

Vipimo vya Losev

Sasa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuna maelezo mawili rahisi ambayo mgeni atakutupia: "hiyo ni cheche" na "hiyo imepata moto". Uwe na jibu kwa kila moja, na liwe jibu la kuonyesha kwa macho.

Cheche ni jambo la kuruka na kukatika. Hutoa rangi nyeupe-buluu, hubadilisha mahali, huchimba ncha ya pini, na redio ya AM iliyo karibu itakwaruza kila inaporuka. Washa redio hiyo mahali pasipo na kituo, kwa betri zake yenyewe. Chaja nayo hutoa mkoromo wake, kwa hiyo kwa kipimo hiki tumia betri za volti 9. Nukta ikiwa imetulia na redio iko kimya, huna cheche.

Joto lina kipimo kizuri zaidi. Losev alitumia tone la benzini: aliliweka juu ya fuwele na kuona linakauka polepole, jambo lisilowezekana kama pale pangekuwa na moto. Sisi hatutaki benzini karibu na nyaya darasani. Tumia chembe ya nta ya mshumaa. Nta ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 60 hivi, ilhali chuma huanza kung'aa chekundu kikipita nyuzi 500. Weka chembe ya nta, ndogo kama punje ya sukari, ubavuni mwa ncha ikiwa inagusa punje inayowaka, kwa mkondo usiozidi miliampia 10, na ungoje dakika 5. Washa taa uitazame kwa lenzi. Ikiwa kingo zake bado ni kali, umeshaonyesha ulichotaka. Ikilainika, mkondo ni mkubwa mno kwa punje hiyo. Weka rezista ya pili ya kilo-omu 1 mfululizo na ya kwanza, urudie. Mafuta ya nazi hayawezi kushika nafasi ya nta: kwa joto la Dar yamekwisha kuyeyuka kabla hujaanza.

Rangi nayo ni ushahidi. Kitu kinachopashwa moto hupita kwenye wekundu kwanza. Punguza umeme hadi nukta ikaribie kufa, na utaona kijani kinafifia kikiwa bado kijani. Hakuna moto unaofanya hivyo.

Kipimo cha kasi kinahitaji transfoma ndogo ya redio inayotoa volti 12 za umeme geu. Kilele chake kinafika takriban volti 17, hivyo kinatosha. Ukiwa na nukta iliyo kali, iangalie kwenye kioo kidogo cha mkononi na ukitikise kioo upesi kwa upande. Taa yenye joto ingeacha mstari mmoja mrefu, kwa sababu waya wa moto haupoi haraka hivyo. Hapa mstari umekatika vipande, kwa kuwa nukta inawaka na kuzima mara 50 kwa sekunde. Losev aliona maana yake mapema: mwaka 1927 aliomba hati ya kile alichokiita relei ya mwanga, kifaa cha kupeleka habari za simu na telegrafu kwa kuuwasha na kuuzima mwanga huu upesi. Ukiona intaneti ya faiba inaingia jengoni, wazo ni la ukoo huo huo.

Kwa nini hafifu, na ledi ya dukani ni kali

Losev alisema tukio hili ni kinyume cha lile ambalo Einstein alilieleza mwaka 1905: badala ya mwanga kung'oa elektroni, elektroni inaposhuka hutoa mwanga. Unaweza kuonyesha hilo kwa ledi mbili za Kariakoo, nyekundu na buluu. Ziunge moja baada ya nyingine kwenye betri ya volti 9 kupitia rezista ya kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, machungwa), upime volti kwenye miguu ya ledi yenyewe. Nyekundu itasoma karibu 1.8, buluu karibu 2.7. Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, upate nishati ya fotoni (chembe moja ya mwanga) kwa elektroni-volti: 630 kwa nyekundu inakupa 1.97, 470 kwa buluu inakupa 2.64. Namba hazilingani sawasawa, lakini mpangilio uko wazi: buluu inadai nishati zaidi kwa kila fotoni.

Silikoni kabaidi ina pengo la nishati, yaani kimo ambacho elektroni hushuka, la karibu elektroni-volti 3 katika aina yake ya kawaida, hivyo inao uwezo wa kutoa buluu. Tatizo ni kwamba ndani yake elektroni haiwezi kuitoa nishati kama mwanga peke yake. Lazima mtetemo wa fuwele usaidie, na mara nyingi nishati inaishia kuwa joto. Ndiyo sababu ledi kali za buluu zilisubiri naitraidi ya galiamu, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Kuiweka kwenye maonyesho ya shule

Kwenye kibao usiandike kwamba Losev ndiye wa kwanza kuuona mwanga, ni Round. Usiandike pia kwamba ndiye aliyetengeneza ledi nyekundu ya kuuzwa. Hiyo ni ya Nick Holonyak, Marekani, 1962. Andika kwamba mwaka 1922 alitumia fuwele za zinkaiti, madini ya zinki, kukuza na kutengeneza mawimbi ya redio, miaka 25 kabla ya transista. Kwamba mwaka 1927 alichapisha uchunguzi wake wa karborandamu inayowaka. Na kwamba shahada yake aliipata mwaka 1938 kwa msaada wa mwanafizikia Abram Ioffe, bila kuandika tasnifu, kwa uzito wa kazi alizokwisha kuchapisha. Mwanafunzi anayefikiri fizikia ni ya wenye maabara kubwa atasoma mstari huo mara mbili.

Mchana hakuna giza, kwa hiyo tengeneza boksi la karatasi ngumu lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye tundu moja la jicho na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Ruhusu watazamaji wawili kwa wakati, kila mmoja afunge jicho moja dakika 5 akiwa foleni na alitumie jicho hilo hilo kuchungulia. Ubao wa punje ufungwe kwa skrubu kwenye sakafu ya boksi, waya wa chaja ubanwe ili mtu akiukwaa usivute pini, na awepo mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia mita tu. Namba ikiruka kwenda 19 au ikianguka hadi 0, pini imehama, na foleni isimame hadi nukta ipatikane tena.